Naomba ushauri: tochi ya kuzamia usiku iliyo rahisi na ya kutegemewa

Mpenda Matumbawe (Dar es Salaam)

Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Nimemaliza kozi yangu ya pili ya kuzamia na mtungi huko Unguja, na mpaka sasa nimezamia mara 31, ambapo mbizi moja tu ilikuwa ya usiku. Mwezi wa kumi tunakusudia kwenda Mafia, watu wanne, na kiongozi wetu ametuambia kwamba bahari ikiruhusu tutazamia usiku mara mbili ndani ya Ghuba ya Chole, kwenye kina kisichozidi mita 15. Ningependa safari hii niwe na tochi yangu mwenyewe.

Sababu yangu si fahari ya kumiliki kifaa. Tochi niliyoazimwa wakati wa kozi ilikuwa na kitufe kimoja chenye hatua tano, yaani mwanga mkali, wa kati, hafifu, wa kumetameta na wa kuomba msaada, na kila nilipotaka kupunguza mwanga nilijikuta nimeangukia kwenye kumetameta. Mwenzangu akageuka mara tatu akidhani nimepatwa na jambo. Nilipopanda juu nilikuwa nimetumia hewa nyingi kuliko siku yoyote, kwa wasiwasi tu wa kile kitufe.

Nimeona tochi tatu. Ya kwanza ni ndogo, inatumia betri nne za kawaida za saizi AA, inawashwa kwa kuzungusha kichwa, na imeandikwa lumeni 300 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). Ya pili ina lumeni 3000, hatua tano za mwanga, tundu la kuchajia ubavuni, na inadaiwa kuhimili mita 150. Cha kushangaza ni kwamba ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Ya tatu ina lumeni 1000, betri moja ya kuchaji ya 18650 (yaani ya upana wa milimita 18 na urefu wa 65), na swichi ya sumaku inayosukumwa mbele na nyuma. Sihitaji kupiga picha wala video. Nahitaji tochi itakayowaka ninapoiwasha na kuzimika ninapoizima. Ningeshukuru kusikia kutoka kwa waliozoea, na hasa sababu za kila chaguo.

Fundi wa Mitungi (Nungwi)

Dada, karibu, na hongera kwa kuuliza kabla ya kununua. Kazi yangu kwa miaka 14 sasa ni kuhudumia vifaa vya kuzamia, na tochi zilizoingia maji nimezifungua nyingi mno, kwa hiyo nitakueleza ninachokiona mezani kwangu.

Tochi ya kuzamia hufa kwa njia tatu: maji kupita kwenye mpira wa kuzibia, swichi kuharibika, au betri kuisha mapema kuliko mwenyewe alivyodhani. Balbu haimo kabisa katika hesabu hiyo. Zamani, wakati wa balbu za halojeni, waya wake mwembamba ulikuwa ukikatika kwa kugongwa tu kwenye ukingo wa boti. Taa za LED zimeliondoa tatizo hilo. Kwa hiyo unapoishika tochi dukani, jiulize ina milango mingapi ya kupitisha maji. Kila kitufe, kila tundu na kila kiungio ni mlango. Tochi yako ya pili ina kichwa, mkia, kitufe na tundu la kuchajia lililofunikwa kwa kizibo laini cha mpira. Hiyo ni milango minne, na huo wa mwisho ndio unaonisumbua zaidi, kwa sababu hata kizibo kikishikilia chini ya maji, mtu hukifungua kwenye boti mikono ikiwa na chumvi, na ndani ya majuma machache vishikizo vya shaba hugeuka kijani.

Sasa kuhusu namba. Alama ya IPX8 inayoandikwa kwenye maboksi inamaanisha tu kwamba kifaa kinastahimili kuzama zaidi ya mita moja kwa masharti aliyoyaweka mtengenezaji mwenyewe. Haisemi mita ngapi. Tafuta kina kilichotajwa kwa mita. Kwa mzamiaji wa burudani anayeishia mita 30 au 40, tochi iliyopimwa kwa mita 100 inatosha na ziada, kwani kwenye mita 30 maji huongeza mkandamizo wa takriban kilo tatu kwa kila sentimita ya mraba juu ya ule wa hewa tunayoishi nayo. Tochi nyingi ninazozifungua hazikuvuja kwenye kina hicho. Zilivuja mita mbili au tatu za mwanzo, au hata ndani ya ndoo ya kusuuzia, ambako mkandamizo bado haujaubana mpira ukae sawasawa mahali pake.

Lumeni nazo tuzipigie hesabu. Taa ya LED ya kawaida hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati, kwa hiyo lumeni 3000 za kweli zinataka wati 30. Betri nzuri ya 18650 ina uwezo wa miliampea-saa 3500 hivi kwa volti 3.7, yaani takriban wati-saa 13. Ukigawanya utaona kwamba mwanga huo hauwezi kudumu hata nusu saa, na mbizi yako ya usiku itachukua dakika 45 au zaidi. Ama tochi inapunguza mwanga yenyewe baada ya dakika chache bila kukuambia, ama namba iliyoandikwa si ya kweli. Betri ya saizi hiyo iliyoandikwa miliampea-saa 9900 usiinunue kabisa. Namba hiyo haiwezekani ndani ya gamba lile dogo. Kwa hesabu hiyohiyo, lumeni 1000 zinakupa zaidi kidogo ya saa moja, na huo ndio mwanga unaofaa kwa tochi kuu.

Hata muda wa kuwaka uliochapishwa kwa uaminifu unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kipimo cha FL1, yaani kanuni ya kupimia tochi iliyoanza kutumika mwaka 2009, huhesabu muda mpaka mwanga unaposhuka kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Tochi iliyoandikwa saa nne inaweza kukupa saa moja ya mwanga wa maana na saa tatu za kuburuta. Dawa yake ni kuipima mwenyewe nyumbani: itie kwenye beseni la maji, iwashe ikiwa na betri iliyojaa, na uangalie saa. Usiipime ikiwa nje ya maji, kwa sababu tochi zenye nguvu hutegemea maji kupozwa na huweza kujiunguza zikiwaka hewani kwa muda mrefu.

Kwa maoni yangu, nunua ya tatu kama tochi kuu na ya kwanza kama akiba. Ya pili iache dukani.

Dada wa Watamu

Nakubaliana na Fundi karibu katika yote, ila kwa mtu anayeanza mimi ningeanza na betri za kawaida hata kwenye tochi kuu.

Nilijifunza kuzamia kwa tochi ya SL4 ya Underwater Kinetics, ile inayotumia betri nne za saizi C, na bado ninayo. Ni nzito mkononi, haina urembo, lakini betri zake zinaeleweka. Nikifika kisiwa ambacho hoteli huzima jenereta saa nne za usiku, sihangaiki kutafuta pa kuchomeka chaja. Nikisahau kuchaji, natia betri mpya. Kwa mwenye tochi ya 18650 hali ni tofauti: duka la kijijini halina betri hiyo, na hata mjini utapata za urefu mbalimbali, kwa sababu zile zenye kinga ya umeme ndani huzidi milimita 65 na baadhi ya tochi hazizipokei. Mwenzangu mmoja aliwahi kulazimisha betri ndefu, kifuniko hakikufika mwisho wa hesi, na tochi ikajaa maji kabla hatujafika mita tano.

Hata hivyo, betri za kawaida zina masharti yake, na watu huyapuuza. Usichanganye kamwe mpya na iliyotumika, wala za makampuni mawili. Betri dhaifu ikisukumwa na zenye nguvu hugeuzwa mkondo wake, huanza kuvuja, na huweza kutoa gesi ya haidrojeni. Tochi ya kuzamia imezibwa isiingize maji, na kwa sababu hiyohiyo haitoi gesi. Gamba likijaa gesi, kichwa kinaweza kuruka kama risasi unapokilegeza. Tochi iliyoingia maji ya chumvi, au iliyovimba, au iliyo ngumu kufunguka isivyo kawaida, ielekeze mbali na uso wako na wa jirani, ifungue taratibu sana, ukiwa mahali penye hewa. Betri zilizoguswa na maji ya bahari hazirudishwi kwenye chaja hata zikionekana kavu.

Ukitaka kuokoa fedha kuna betri za kuchaji za nikeli zenye umbo la AA au C. Zina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo soma kwanza kama mtengenezaji anaziruhusu. Chagua zile zinazohifadhi chaji kwa miezi, kwani za zamani hujiishia zenyewe kabatini.

Jambo la mwisho ni swichi ya kuzungusha kichwa, ambayo naipenda na naiogopa. Ni rahisi kwa sababu haina sehemu ya ziada, lakini kuzima ni kulegeza, na mzamiaji mwenye wasiwasi au mwenye glavu anaweza kulegeza kupita kiasi mpaka mpira ukatoka mahali pake. Ukiichukua, fanya mazoezi nchi kavu mpaka mkono ujue kwamba robo mzunguko inatosha, na uhakikishe ina mipira miwili ya kuzibia badala ya mmoja.

Mpenda Matumbawe (Dar es Salaam)

Nawashukuru sana nyote wawili. Hesabu ya wati imenifungua macho, kwani nilikuwa karibu kununua ile ya lumeni 3000. Naomba kuongeza maswali mawili. Kwanza, ile swichi ya sumaku ina kasoro gani ambazo sijazisikia? Pili, hii mipira ya kuzibia hutunzwaje hasa? Nimesikia wengine wanapaka mafuta ya kujipaka mwilini na wengine wanasema ni makosa.

Fundi wa Mitungi (Nungwi)

Swichi ya sumaku faida yake kubwa ni kwamba haitoboi gamba: sumaku iko nje, kihisi kiko ndani, na hakuna mlango kati yao. Kasoro zake ni mbili. Mchanga hujikusanya chini ya kile kisukumio kikakwama, kwa hiyo kisuuze kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) huku ukikisogeza mbele na nyuma. Kasoro nyingine ni dira: sumaku hiyo ikikaribia dira yako ya mkononi, sindano huyumba, na usiku hakuna jua wala umbo la mwamba la kukuonyesha kwamba umedanganywa. Dira mkono wa kushoto, tochi mkono wa kulia, na unaposoma dira, iangazie kwa mbali kidogo.

Mpira wa kuzibia, ambao sisi mafundi huuita oringi, hautaki mambo mengi, ila unataka subira. Hivi ndivyo nifanyavyo. Naikausha tochi kabisa kabla ya kuifungua, na naielekeza kichwa chini ili tone lililobaki kwenye hesi lisianguke ndani. Naubana mpira kwa vidole viwili kutoka pande mbili mpaka unyanyuke, kisha nautoa kwa kidole au kwa ncha ya kadi ya plastiki. Sindano na kisu hukwaruza mfereji wake, na mkwaruzo huo hautibiki. Naupitisha mpira taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, nimefumba macho, kwa sababu vidole huhisi kile ambacho macho hayakioni. Mwaka jana mteja aliniletea tochi iliyoingia maji mara mbili akiamini gamba limepasuka. Niliupitisha mpira hivyo nikahisi kitu chembamba kuliko unywele: uzi mmoja wa taulo, umelala mkingamo juu ya mpira. Basi. Njia ya maji ilikuwa hiyo.

Mfereji naufuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, halafu natia grisi ya silikoni kiasi cha punje ya mchele tu, naisambaza mpaka mpira ung'ae bila kuonekana utando. Grisi haizibi maji, kinachoziba ni mpira wenyewe. Grisi inausaidia kuteleza na kukaa mahali pake, na ikizidi hunasa mchanga. Mafuta ya kujipaka yaache. Aina fulani za mpira huvimba na kulegea kwa mafuta ya petroli, na huwezi kujua kwa kutazama ulio nao ni wa aina gani. Hata silikoni ina mpaka wake: kama mtengenezaji ameandika kwamba mpira wenyewe ni wa silikoni, grisi ya silikoni huuvimbisha, hivyo fuata anachosema. Mipira ya akiba nunua siku hiyohiyo unayonunua tochi, kwani miaka miwili baadaye saizi yako huenda isipatikane.

Baada ya mbizi loweka tochi kwenye maji baridi ikiwa imefungwa, bila kuizungusha kichwa. Ukiizungusha humo ndani ya ndoo, unayakaribisha maji ya chumvi ya watu kumi wengine.

Mkaazi wa Utende (Mafia)

Nimesoma kwa furaha, na kwa kuwa mnakuja kwetu, naongeza machache ya hapa.

Maji yetu hayafanani na ya Mnemba. Tunatazamana na delta ya Rufiji, na pia maji ya Chole huingia na kutoka kwa nguvu kila bamvua, hivyo kuna siku chembe ni nyingi. Hapo mwanga mpana ni adui: unaangaza chembe zote zilizo mbele yako, na unaona ukungu mweupe badala ya mwamba. Mwale mwembamba, wa nyuzi nane hadi kumi na mbili hivi, hupenya, na ndio unaoonekana vizuri na mwenzako. Waulize wauzaji upana wa mwale kabla ya kuuliza lumeni.

Mwale huo ndio pia sauti yenu chini. Ukichora duara polepole kwenye mchanga mbele ya mwenzako, umemwambia u salama. Ukiupeleka mwanga huku na huku kwa haraka, umeomba msaada. Ndiyo maana tochi ya kumetameta hovyo ilimtia mwenzako hofu, na alikuwa na haki ya kuogopa. Unapotumia ishara za mkono, angaza mkono wako mwenyewe, kamwe usimwangaze mtu usoni, kwani macho yake yatachukua dakika kadhaa kuzoea giza tena.

Tochi ya akiba ifungwe kifuani kwa kulabu ndogo, mahali ambapo mkono wowote unaifikia bila kutafuta. Mwaka mmoja nilikuwa na wageni watatu kwenye mita 12, tochi yangu kuu ikafifia na kuzimika. Nilishusha mkono kifuani, nikaiwasha ya pili, nikachora duara, na tukaendelea mpaka kwenye kituo cha usalama cha mita tano. Wageni walikuja kujua tulipokwisha kupanda botini. Lakini utaratibu wetu ni kwamba tochi ya mtu mmoja ikizimika, mbizi inaanza kufungwa. Ya akiba ni ya kurudi nayo, si ya kuendelea kutembea nayo.

Lumeni zenu 1000 zitatosha kabisa. Kwa kweli, ukikaribia mwamba utazipunguza. Utamkuta pono amelala ndani ya mwanya, wengine wakiwa wamejifunika utando wa ute kama chandarua, na ndipo utakapoelewa kwa nini wazee walisema usingizi wa pono. Mwangazie ukingo wa mwale tu, usimwekee katikati, maana akishtuka hukimbia gizani na kujigonga kwenye matumbawe. Mchana nayo msiiache tochi hotelini: rangi nyekundu hupotea ndani ya mita chache za mwanzo, na tochi ndogo inayoelekezwa chini ya mwamba huirudisha palepale, ukaona sponji uliyoidhania ya kahawia kumbe ni nyekundu kama damu.

Mkipanda ndege ndogo ya kuja huku, betri za lithiamu zikae kwenye mkoba wa mkononi, zikiwa zimetolewa kwenye tochi na ncha zake zimefunikwa. Tochi yenye nguvu ikijiwasha ndani ya begi lililojaa nguo inaweza kuunguza.

Mpenda Matumbawe (Dar es Salaam)

Nimerudi kutoa taarifa. Nimenunua ile ya swichi ya sumaku, baada ya kuuliza upana wa mwale na kuambiwa ni nyuzi 10, pamoja na betri mbili, mipira ya akiba na kichupa cha grisi. Ya akiba ni ile ndogo ya betri za AA. Nimeifungua, ina mipira miwili, kama alivyotaka Dada wa Watamu.

Jana usiku nimeipima ile kubwa kwenye beseni. Iliwaka kwa mwanga ule ule dakika 58, kisha ikaanza kushuka. Nimeandika namba hiyo kwenye kipande cha utepe na kukibandika ndani ya kasha lake. Mkaazi wa Utende, tutafika tarehe za katikati ya mwezi, maji yakiwa mafu, na nitakutafuta.

Mkaazi wa Utende (Mafia)

Karibuni sana. Mkifika, njooni kwanza na tochi zote nane tuzikague mezani kabla jua halijatua, kisha tutazamia giza linapoingia, maji yakiwa yamesimama.